"Oksijeni Iwekwe": Amri Isiyo na Mwenyewe

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa daktari wa zamu ya usiku katika hospitali moja iliyo kandokando ya barabara kuu inayokatiza katikati ya Tanzania, tulipokea kijana aliyegongwa na lori akiwa kwenye pikipiki. Ilikuwa yapata saa nane usiku. Chumbani tulikuwa watu sita: mimi, daktari tarajali mmoja, wauguzi watatu na mhudumu wa afya aliyemsukuma mgonjwa kutoka getini. Nilimsikiliza kifua, nikamtazama tumbo, kisha nikasema kwa sauti niliyoiamini kuwa ya kiongozi: "Oksijeni iwekwe, dripu mbili zifunguliwe, damu ichukuliwe ya kupima kundi, na benki ya damu ijulishwe." Kila mtu aliitikia, kila mtu akashika jambo. Barakoa ya oksijeni ikavalishwa usoni mwa mgonjwa, lakini mrija wake ukabaki unaning'inia kando ya kitanda, haujaunganishwa na mtungi.

Kipimo cha oksijeni kilichobanwa kidoleni kilisoma asilimia 84, kikashuka hadi 81. Aliyevalisha barakoa alidhani kwamba aliye karibu na mtungi ndiye atakayeunganisha na kufungua. Aliye karibu na mtungi alikuwa ameinama akitafuta mshipa, na mwenzake upande wa pili vilevile, na daktari tarajali alikuwa akimsaidia mmoja wao. Simu ya benki ya damu haikupigwa na yeyote. Muuguzi mtu mzima, ambaye kwa umri angeweza kuwa mama yangu, alisema kwa sauti ya chini: "Dokta, samahani, sijui kama umeangalia kidole." Vidole vya mkono wa kulia vya yule kijana vilikuwa vimesagika, nami nikadhani ndivyo anavyovisema, nikamjibu kwamba vidole tutavishughulikia baadaye. Akanyamaza. Baada ya muda ambao hata leo sipendi kuukadiria, alizunguka kitanda mwenyewe, akaunganisha mrija na kufungua mtungi.

Kijana alipona. Lakini nimelirudia tukio lile kichwani mara nyingi, na kila ninapolirudia naona jambo lile lile: yote niliyoyataja yalikuwa sahihi kitabibu, ila sikuwa nimemwambia mtu. Nililiambia chumba.

Tuitazame sentensi yenyewe. Iwekwe, zifunguliwe, ichukuliwe, ijulishwe. Kiswahili kinatupa njia ya kuamuru bila kumtaja anayeamriwa, na njia hiyo ina kazi yake nzuri. Ni lugha ya mihtasari ya vikao na ya waraka wa serikali, ni lugha ya mtu anayetaka jambo lifanyike bila kumwelekezea mwenzake kidole. Kwa daktari kijana aliye mbele ya muuguzi mwenye miaka 25 kazini ni njia rahisi ya kukwepa ukali, kwa sababu "dawa itolewe" haimshushi mtu hadhi kama "toa dawa". Zaidi ya hayo ndiyo lugha ya faili. Tumezoea kuandika kwamba mgonjwa apewe, apimwe, aanzishiwe, na kwenye faili hakuna madhara, kwa kuwa muuguzi wa zamu atalisoma, atatekeleza na atatia saini. Karatasi ina mwenyewe. Chumba cha dharura chenye watu sita wanaosikia amri moja kwa wakati mmoja hakina mwenyewe mpaka atajwe.

Nimeanza na sarufi kwa sababu naamini kwamba huduma za dharura nchini mwetu zimefika mahali ambapo namna tunavyosema inaamua mambo ambayo zamani yaliamuliwa na ukosefu wa jengo. Idara ya tiba ya dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilifunguliwa mwaka 2010, na mwaka huo huo mafunzo ya ubingwa wa fani hiyo yakaanza. Mabingwa wa kwanza waliosomea hapa nchini walihitimu mwaka 2013. Kwa muda mrefu baada ya hapo, mgonjwa wa dharura katika hospitali nyingi za mikoa aliendelea kupitia mlango ule ule wa wagonjwa wa nje, akisubiri kwenye benchi moja na mwenye mafua. Kisha ukaja mkopo wa nafuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2021, takriban shilingi trilioni 1.3, ambao sehemu yake ilielekezwa kwenye majengo ya dharura na vyumba vya uangalizi maalumu katika hospitali nyingi za mikoa na wilaya. Leo katika hospitali nyingi wilayani kuna chumba chenye rangi nyekundu mlangoni kwa walio mahututi, cha njano kwa wanaofuata na cha kijani kwa wanaoweza kusubiri. Mitungi ipo, na vitanda vya kupandisha na kushusha vipo. Kinachobaki ni watu watano au sita wanaokutana juu ya mwili mmoja, wengine hawajuani majina, na muda walio nao ni mfupi.

Kuhusu kutojuana majina, tuna ushahidi uliopatikana karibu nasi kuliko wengi wanavyofahamu. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha fupi ya usalama wa upasuaji katika hospitali za miji minane duniani. Mmoja ulikuwa London, mwingine Toronto, mwingine Seattle, na mmoja ulikuwa Ifakara, mkoani Morogoro, jirani zetu sisi wa Dodoma. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Utafiti wa kulinganisha kabla na baada una udhaifu wake, na sitaki msomaji aamini kwamba karatasi moja ilifanya miujiza. Ninachotaka akitazame ni kimojawapo cha vipengele vya orodha ile: kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Hakuna dawa mpya katika kipengele hicho wala mashine. Kuna kujitambulisha tu, jambo ambalo Mswahili hulifanya hata anapopanda basi na kukaa karibu na mgeni, lakini akishavaa koti jeupe huliacha mlangoni.

Zamu inapoanza, kujitambulisha huchukua chini ya dakika moja. Baada ya hapo amri inaweza kuwa na mwenyewe. Daktari anamtazama mtu, anamtaja kwa jina, anasema jambo moja lenye kipimo, na aliyeambiwa analirudia kwa sauti kisha anasema tena likishakamilika. Nimesikia wenzangu wakilalamika kwamba huu ni utaratibu wa kigeni uliotolewa kwenye ndege za wazungu. Nawaomba waende kwa wakala yeyote wa fedha za simu pale stendi ya Nane Nane. Ukimpa namba, anakurudishia: sifuri saba tano, nne mbili mbili, endelea. Kisha anataja kiasi. Kisha anasubiri jina litokee, anakusomea, anakuuliza kama ndiye. Ukisema ndiyo, anabonyeza, na ujumbe ukifika anakuonyesha. Hakuna mteja anayechukia kurudiwa, na hakuna wakala anayejiona mjinga kwa kurudia, kwa sababu wote wawili wanajua kwamba shilingi elfu hamsini ikienda kwa mtu mwingine kuirudisha ni kazi. Dawa kama adrenalini iliyokwishaingia mshipani hairudi kabisa.

Na vipimo vyenyewe vina mitego ya lugha ambayo hatuifundishi. Madaktari wetu husoma kwa Kiingereza na huzungumza kwa mchanganyiko, na namba mara nyingi hutoka kwa Kiingereza. Kumi na tano na hamsini kwa Kiingereza zinakaribiana mno kwa sauti, na sikio lililokesha linaweza kusikia hii badala ya ile. Fikiria kwamba kinachozungumzwa ni uniti za insulini. Kwa Kiswahili hazikaribiani hata kidogo, kwa hiyo hapo Kiswahili ni salama zaidi. Lakini Kiswahili nacho kina mapacha wake: thelathini na themanini, sitini na tisini, sitini na sabini. Ndiyo maana ninawafundisha vijana kutaja tarakimu moja moja, "tatu sifuri", "sita sifuri", kama yule wakala.

Saa zetu ni mtego mkubwa zaidi, na ajabu ni kwamba tunauzoea hadi hatuuoni. Faili linaandikwa 08:00. Daktari tarajali anasoma nane, anamwambia muuguzi "saa nane", na mgonjwa anakosa dawa yake ya asubuhi kwa saa sita. Au daktari anasema "arudiwe kupimwa baada ya saa mbili", akiwa na maana kwamba muda wa saa mbili upite, na muuguzi anaelewa kwamba ni baada ya kuingia saa mbili asubuhi. Wote wawili ni wasikivu na wote wawili wamesikia maneno yale yale. Kwa mgonjwa aliyepoteza damu, tofauti kati ya tafsiri hizo mbili inaweza kuwa uhai wake. Muuguzi anayerudia "yaani dakika 120 kuanzia sasa, saa tano na nusu usiku?" anafanya kazi ya kitabibu sawasawa na kutoa dawa.

Sasa niingie kwenye lililo gumu zaidi, nalo ni umri. Katika jamii yetu mdogo ndiye anayesalimia kwanza, na shikamoo yangu kwa yule muuguzi mtu mzima haikuwa ya kuigiza. Naye ananiita dokta kwa heshima ya kazi yangu. Kila mmoja wetu ni mkubwa kwa mwenzake kwa namna fulani. Heshima hizi mbili zikikutana juu ya mgonjwa mahututi, kila upande hulegeza ulimi: mimi nasema "oksijeni iwekwe" nisimwamuru mama, naye anasema "sijui kama umeangalia kidole" asimkosoe daktari. Kinga ya heshima ya wote wawili ikawa mzigo wa mgonjwa. Sikubaliani na wanaodai kwamba dawa yake ni kuiga ukavu wa watu wa mbali na kutupa adabu. Adabu yetu inatosha, tukiipa maneno ya kutumia. Mama yule angeweza kusema: "Dokta, nina wasiwasi, oksijeni ni 81." Maneno matano na namba moja. Yana heshima, yana kipimo, na hayawezi kudhaniwa kuwa yanahusu kidole kilichosagika. Akiona sikumwelewa, atakuwa na haki ya kurudia kwa nguvu zaidi: "Dokta, huyu hayuko salama, tusimame kwanza."

Lakini hatasema hayo kama mimi sijamfungulia njia, na hapa ndipo ninapouona uongozi wa daktari wa dharura kuliko mahali pengine popote. Daktari anayeuliza kwa sauti katikati ya kazi, "Nani anaona kitu ambacho mimi sijakiona?", na akijibiwa akasema "asante" mbele ya wote hata kama jibu halikuwa sahihi, anajenga kitu ambacho hakiwezi kujengwa na mkopo wowote. Na daktari anayemfokea muuguzi mara moja tu mbele ya ndugu wa mgonjwa amenunua ukimya wa miezi. Nimeona hili kwa wakubwa zangu na nimelifanya mwenyewe. Muuguzi aliyefokewa hataacha kazi. Ataendelea kufika kwa wakati, atatimiza kila aliloagizwa, ila hatakuambia tena anachokiona.

Vitabu hushauri kwamba kiongozi asimame miguuni mwa kitanda, mikono yake isishike chochote, aone mgonjwa mzima na timu nzima. Ushauri huo ni sahihi pale Hospitali ya Benjamin Mkapa au penye madaktari wanne. Katika hospitali nyingi za wilaya za kanda hii, usiku kuna daktari mmoja, tena huenda ndiye pekee anayejua kuingiza mpira wa kupumulia kooni. Akishainama kichwani mwa mgonjwa hawezi kuona presha wala saa. Hapo uongozi unapaswa kuhama kwa maneno ya wazi: "Naingia kwenye njia ya hewa. Sista, ongoza wewe mpaka nikuambie nimemaliza." Nimewahi kuona jambo hili likifanyika vizuri, na muuguzi aliyekabidhiwa aliita kila kipimo kwa utulivu ambao madaktari wengi hawana. Sioni sababu ya ujuzi huo kusubiri daktari azidiwe ndipo utumike.

Kuna hoja dhidi ya yote haya, na ni ya kweli: tatizo letu kubwa ni uhaba wa watumishi, damu na dawa, na mtu anayezungumzia mazungumzo anawaondolea wenye dhamana lawama. Nakubali nusu. Neno zuri halizalishi chupa ya damu, na sitaki makala hii itumike kumnyima mtu mtumishi anayestahili kuajiriwa. Lakini penye watu watatu badala ya sita, watatu wanaotafuta mshipa mmoja ni hasara kubwa zaidi. Uhaba haujawahi kuwa sababu ya kutumia vibaya kidogo kilichopo.

Nje ya chumba chekundu, neno linaendelea kuokoa au kuponza. Chukua simu ya rufaa. Tabibu yuko kituo cha afya upande wa Mpwapwa au Bahi, ana mama anayevuja damu baada ya kujifungua, anapiga simu hospitali. Mara nyingi anaanza kueleza historia tangu kliniki ya kwanza, na daktari anayepokea anakatisha: "Kwa nini mmechelewa kumleta?" Swali hilo lina mahali pake, katika kikao cha tathmini, wiki ijayo. Kwenye simu linafanya jambo moja tu: mara nyingine tabibu huyo atamtuma mgonjwa bila kupiga simu. Anayepiga aanze na tatizo la sasa na presha, aseme alichokwishafanya, aseme anachoomba. Anayepokea arudie, kisha aseme nini kifanyike njiani. Kukabidhiana zamu kunahitaji mpangilio wa namna hiyo hiyo. Utafiti uliofanywa katika hospitali tisa za Marekani na Kanada na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23 pale madaktari walipofundishwa kukabidhiana wagonjwa kwa utaratibu mmoja unaomalizika kwa anayepokea kurudia alichosikia.

Kisha kuna mlango wa nje, penye ndugu. Ajali ya mtu mmoja Dodoma huleta watu kumi hospitalini, na kila mmoja hupata habari tofauti kutoka kwa mtumishi tofauti. Naomba zaidi tuliache neno tulilolizoea, "hali imebadilika". Nililitumia usiku mmoja kwa mzee aliyetoka kijijini, anayezungumza Kigogo kuliko Kiswahili, ambaye mwanawe alikuwa amefia mikononi mwetu. Alinisikiliza kwa makini, akanishukuru, kisha akauliza amehamishiwa wodi gani ili ampelekee uji. Alikuwa na chupa ya uji mkononi. Ilibidi nianze upya, safari hii nikiwa na muuguzi anayejua Kigogo, aliyemsalimia kwa lugha yake, akamketisha, akamwambia kwamba mwanawe amefariki dunia. Neno hilo ni la heshima kamili na halina njia mbili. Tunapolikwepa tunajilinda sisi, na mzee anabaki na uji wake.

Watu wa hapa wenye umri wa kutosha wanaikumbuka Juni 24, 2002, treni ya abiria iliyobeba zaidi ya watu 1,200 iliporudi nyuma mlimani karibu na Igandu na kugonga treni ya mizigo. Waliokufa walikuwa 281. Mkoa leo una watu zaidi ya milioni tatu, mabasi na malori hupishana kutwa na usiku katika barabara za Morogoro, Singida, Iringa na Arusha. Siku ya majeruhi mia haifai kuwa siku ya kwanza kwa timu kutajana majina. Mazoezi yanawezekana kwa gharama ndogo: kitanda kitupu, mto uliofunikwa shuka, dakika kumi baada ya kupokeana zamu, na mganga mfawidhi anayekubali kushiriki kama mtu wa kuamriwa na daktari tarajali. Na baada ya kila mgonjwa mahututi, kabla mikono haijakauka, maswali mawili: nini kilikwenda sawa, na nani alitaka kusema jambo akashindwa?

Swali hilo la pili nilimuuliza yule muuguzi asubuhi ile, tukiwa kwenye benchi la nje tunakunywa chai. Alinitazama kwanza, kama anayepima kama nina nia. Kisha akaniambia habari ya kidole. Usiku uliofuata tulikuwa zamu pamoja tena, na kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia alisimama katikati ya chumba, akataja jina lake na kazi yake, kisha akanigeukia akisubiri nitaje langu.